Posho ya huduma ya kwanza kazini: anastahili nani, na ilipwe vipi?

Barua nne za wasomaji wetu mwezi huu zinahusu jambo moja: malipo ya mfanyakazi ambaye, juu ya kazi yake ya kila siku, amekabidhiwa dhamana ya kuwahudumia wenzake wanapoumia. Tumezipanga pamoja ili majibu yasaidiane.

SWALI: Mimi ni mshonaji katika kiwanda cha nguo mjini Morogoro. Huu ni mwaka wa tatu tangu uongozi uliponipeleka kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza na kunikabidhi ufunguo wa sanduku la ukumbi wetu, wenye watu wapatao 80. Kuanzia siku hiyo, anayejikata kwa mkasi, anayezimia kwa joto au anayeungua kwa pasi ya mvuke huitiwa mimi. Mwezi wa Machi mwenzetu alichomwa na sindano ya cherehani ikatokeza upande wa pili wa kidole, nikakaa naye dakika 40 hadi gari lilipopatikana, na jioni msimamizi akaniandikia upungufu wa vipande katika hesabu yangu ya siku. Nilipouliza kuhusu posho, afisa utumishi alinijibu kwamba kumsaidia mwenzako ni utu, na utu haulipwi. Sheria inasemaje? — Mshonaji, Morogoro

JIBU: Ndugu mshonaji, pole kwa yaliyokupata, na naomba nianze na vile vipande kabla ya posho, kwa sababu hapo ndipo ulipodhulumiwa waziwazi zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awe na sanduku la huduma ya kwanza na mtu aliyefundishwa wa kulisimamia. Wajibu huo ni wa mwajiri. Wewe unautekeleza kwa niaba yake. Dakika 40 ulizokaa na mwenzako ulikuwa kazini, tena katika kazi ambayo kiwanda kinadaiwa na sheria kuifanya, na sioni hoja ya haki inayoweza kuzigeuza zionekane kama muda uliouacha mashine yako kwa hiari. Mwandikie mwajiri barua ya heshima ukiomba mambo mawili: kitabu cha matukio kionyeshe saa uliyoitwa na saa uliyorudi kwenye mashine, na msimamizi apunguze lengo lako la siku hiyo kwa kadiri ya muda huo. Ombi hili halimgharimu mwajiri hata shilingi moja ya posho, na mwajiri mwenye busara hatalikataa, kwani mhudumu anayejua kwamba kila jeraha analolifunga litamrudia kama pungufu la vipande atafika siku moja ya kusitasita pale asipopaswa kusita.

Sasa tuje kwenye neno la afisa utumishi. Utu ndio unaomfanya mtu yeyote ukumbini aache kitambaa chake na kukimbilia anakosikia kilio, na katika hilo hakuna anayedai malipo. Wewe, hata hivyo, hukukimbia tu. Uliteuliwa. Unabeba ufunguo, unakagua kama dawa za kusafishia vidonda zimepitwa na muda, unaweka hesabu ya bandeji, unahuisha cheti chako, na ukitaka kutoka nje ya geti wakati wa chakula unalazimika kwanza kufikiri nani atabaki. Niliwahi kuwa afisa utumishi katika kiwanda cha mafuta ya kula, na sanduku letu lilikuwa chini ya fundi mmoja wa mitambo. Wenzake wote walitoka saa saba kwenda kula kwa mama ntilie ng’ambo ya barabara. Yeye alikula ugali wake akiwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, karibu na mlango wa chumba cha boila, kwa sababu agizo tulilompa lilikuwa kwamba aonekane wakati wote. Kwa mwaka mzima majeraha aliyoyafunga huenda hayakuzidi kumi, lakini juu ya debe lile alikaa kila siku ya kazi, na katika ofisi yangu hapakuwa na karatasi hata moja iliyolitambua jambo hilo kuwa ni kazi. Nalisema hili kwa masikitiko, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Posho ya huduma ya kwanza inalipia ule utayari wa kila siku zaidi ya inavyolipia bandeji.

Kuhusu sheria yenyewe ni lazima nikuambie ukweli, hata kama haukupendezi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 haijaweka posho ya aina hii, kwa hiyo huwezi kwenda mbele ya msuluhishi ukasema umenyimwa kitu ambacho sheria imekitaja kwa jina. Ulicho nacho ni kifungu cha 15, kinachomtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa za ajira yake kwa maandishi, yakiwamo maelezo ya kazi na malipo, na taarifa hizo zinapobadilika azirekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Mkataba wako unasema wewe ni mshonaji. Kama umeongezewa dhamana, iandikwe; na meza ile ile ya kuiandika ndiyo meza ya kuzungumzia malipo yake. Wafanyakazi wengi hukosea kwa kudai posho kwanza huku uteuzi wenyewe ukiwa wa mdomo, na mwajiri huwajibu kwa urahisi kwamba hakumteua mtu.

Njia yenye nguvu zaidi ni chama cha wafanyakazi. Kama kiwanda chenu kina tawi la TUICO au chama kingine chenye haki ya majadiliano, mwambie katibu wa tawi aiingize posho hii katika mapendekezo ya mkataba wa hali bora unaofuata, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri, pamoja na idadi ya wahudumu kwa kila zamu. Elewa tofauti hii, maana imewapotezea watu muda mwingi: kabla posho haijakubaliwa, kutokuelewana kwenu ni mgogoro wa maslahi, na humalizwa kwa majadiliano; ikishakubaliwa kwa maandishi kisha mwajiri akaacha kuilipa, sasa unalo lalamiko la haki, ambalo unaweza kulipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kujaza fomu namba 1 ya Tume ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Siku hizo hupita upesi. Usikae miezi sita ukisubiri ahadi za mdomo.

SWALI: Ninamiliki karakana ya samani jijini Arusha yenye wafanyakazi 34. Nimewateua wawili kusimamia huduma ya kwanza na ninataka kuwalipa, lakini wenzangu wa biashara wananishauri nilipe kwa kila tukio ili nisilipe bure miezi ambayo hakuna aliyeumia. Je, nilipe kiasi gani, na niiweke ndani ya mshahara au pembeni? — Mwajiri, Arusha

JIBU: Ndugu mwajiri, nimefurahi kwa dhati kupata barua yako, kwa sababu maswali haya kwa kawaida hutoka upande mmoja tu.

Malipo ya kila tukio nakushauri uyaache kabisa. Fikiria msumeno wa duara umemkata mtu ngozi ya kidole gumba. Chini ya utaratibu huo mhudumu anapata fedha kwa sababu mwenzake ameumia, na hata akiwa mtu mwaminifu kiasi gani, wengine watamtazama kwa jicho baya kila anapofungua daftari kuandika tukio. Baya zaidi litatoka kwa wasimamizi: kila jeraha likiwa na gharama ya papo hapo, watashawishika kusema jeraha dogo lisiandikwe, na daftari lisiloandikwa majeraha madogo haliwezi kukuonya kwamba kinga ya msumeno imelegea kabla haijamkata mtu mkono. Mwezi ambao hakuna aliyeumia hukulipa bure. Ulinunua uhakika kwamba mtu aliyefundishwa alikuwapo saa zote za kazi, na huenda pia alikuwa ndiye aliyemkumbusha kijana mgeni avae miwani ya kukingia vumbi. Lipa kila mwezi, kiasi kisichobadilika, kwa kila aliyeteuliwa.

Katika hilo unaweza kujifunza kwa Australia, ambako posho hii imeandikwa katika masharti ya kazi ya sekta nyingi. Utaratibu wao una masharti matatu yanayokwenda pamoja: mfanyakazi awe amefundishwa, awe na cheti ambacho muda wake haujaisha, na awe ameteuliwa na mwajiri kufanya kazi hiyo. Mwenye cheti ambaye hakuteuliwa halipwi, na hivyo mwajiri hajikuti akidaiwa na kila aliyewahi kupita kwenye mafunzo. Jambo la pili ninalolipenda kwao ni kwamba katika masharti mengi kiwango kimefungwa kwenye mshahara kwa asilimia, kwa hiyo mshahara ukipanda nacho kinapanda. Hapa kwetu nimeona posho za shilingi 10,000 zilizowekwa zamani zikabaki hivyo hivyo mpaka mpokeaji mwenyewe akasahau ni za nini. Si kila nchi inafanya kama Australia. Uingereza kanuni zao za mwaka 1981 zinamlazimisha mwajiri kuwa na vifaa na watu wanaofaa wa huduma ya kwanza lakini hazisemi lazima awalipe ziada, na Ujerumani wanahesabu wahudumu kwa asilimia ya waliopo kazini, yaani 5 kwa 100 ofisini na 10 kwa 100 viwandani, pasipo kuweka malipo ya lazima. Kwa kipimo hicho cha pili, karakana yenye watu 34 ingehitaji wanne. Wawili wako wanatosha siku ambayo wote wawili wapo. Mmoja akiwa likizo na mwingine akiugua, huna mtu. Fundisha wa tatu.

Kiasi gani? Hakuna kiwango kilichowekwa na sheria yetu, kwa hiyo ninakupa maoni yangu na sababu zake. Sheria yenyewe, inapotaka kulipia usumbufu wa kufanya kazi usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, imeweka nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kubeba dhamana ya maisha ya wenzako si usumbufu mdogo kuliko huo. Kwa fundi wako anayepata mshahara wa msingi wa shilingi 390,000, asilimia 5 ni shilingi 19,500 kwa mwezi, na kwa wahudumu watatu wa mshahara huo ni shilingi 58,500. Hesabu hiyo iweke kando ya gharama ya siku moja ya mashine kusimama, uone ipi inakuumiza zaidi.

Swali lako la kuiweka ndani ya mshahara au pembeni lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika sheria yetu mshahara wa msingi hauhesabu posho, na mambo kadhaa hupimwa kwa mshahara wa msingi: saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara huo, na kiinua mgongo cha kuachishwa kazi, kwa anayestahili, ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10. Tuchukue fundi yule yule. Ukigawa 390,000 kwa wiki 4.333 za mwezi, kisha kwa saa 45 za wiki, unapata takriban shilingi 2,000 kwa saa, na saa ya ziada ni 3,000. Ukimwongezea 19,500 kwenye mshahara wa msingi, saa yake inakuwa takriban 2,100 na ya ziada 3,150. Mimi napendelea ikae pembeni kama posho, katika mstari wake wenyewe kwenye hati ya mshahara, kwa sababu dhamana hii inaweza kukoma mtu akihamishwa au asipotaka kuendelea, ilhali kupunguza mshahara wa msingi ni jambo linaloleta mgogoro mara moja. Lakini mfanyakazi aambiwe tangu mwanzo kwamba posho haitaingia katika hesabu ya saa zake za ziada, asije akagundua mwenyewe mwisho wa mwezi na kujiona amepunjwa.

Kodi usiisahau. Posho ni sehemu ya kipato cha ajira, hivyo inaingia katika makato ya PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa na mwajiri kila mwezi, kama mshahara. Kwa mtu ambaye kipato chake kinachotozwa kodi kipo kati ya shilingi 270,000 na 520,000 kwa mwezi, ngazi inayokatwa asilimia 8, makato ya hiyo 19,500 ni shilingi 1,560. Wapo wanaoilipa mkononi kwa bahasha ili kukwepa hilo. Usifanye hivyo, kwani siku ya mgogoro bahasha haina ushahidi kwa upande wako wala wa mfanyakazi.

Mwisho, andika barua ya uteuzi ya ukurasa mmoja kwa kila mhudumu. Itaje eneo na zamu anayohusika nayo, tarehe cheti chake kinapoisha, kiasi cha posho, nani anamshikia nafasi akiwa hayupo, na kwamba muda anaoutumia kwa mgonjwa ni muda wa kazi. Iseme pia kwamba posho inaendelea akiwa katika likizo ya mwaka, na kwamba cheti kikiisha kwa sababu wewe hukumpeleka kuhuisha, posho haisimami. Kosa la kalenda ya ofisi lisilipwe na mfanyakazi. Na unapochagua huyo wa tatu, waulize watu wajitolee kwanza. Nimeona mara nyingi mno dhamana hii ikirundikwa kwa wanawake kwa hoja kwamba wao wana huruma zaidi, kisha ikaitwa huruma ili isilipwe.

SWALI: Nilipelekwa mafunzo ya huduma ya kwanza siku mbili za Jumamosi na Jumapili. Mwezi uliofuata kampuni ilinikata shilingi 60,000, na tena 60,000 mwezi wa pili, ikisema cheti ni mali yangu nitakayoondoka nayo. Nilikuwa nimeahidiwa posho ya 15,000. — Muuza duka, Dar es Salaam

JIBU: Kama hukusaini karatasi yoyote ya kukubali makato, kampuni imekosea. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira kinakataza kukata malipo ya mfanyakazi isipokuwa pale sheria, mkataba wa hali bora, amri ya mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi inapotaka au kuruhusu, au pale mfanyakazi amekubali kwa maandishi kulipa deni. Mafunzo uliyoagizwa uyapate ili mwajiri atimize wajibu wake wa kisheria si deni lako. Hata Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, ambao tangu Juni 2022 umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo, unasema katika ibara ya 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini hazipaswi kumgharimu mfanyakazi. Hoja kwamba utaondoka na cheti haina uzito; dereva naye huondoka na uzoefu wake wa barabarani, na hakuna anayemkata kwa hilo.

Kuhusu zile siku mbili, ukiagizwa na mwajiri kuwa mahali fulani kwa shughuli yake, hoja yangu ni kwamba ulikuwa kazini, na kama saa zako za wiki hiyo zilizidi 45, zilizozidi zidaiwe kama saa za ziada. Tafuta ujumbe au tangazo lililokuagiza kwenda. Peleka madai yote kwa pamoja kwa maandishi, yaani 120,000 zilizokatwa, saa za mafunzo na posho iliyoahidiwa, na hesabu siku 60 nilizozitaja hapo juu kuanzia siku ulipoiona hati ya mshahara yenye makato.

SWALI: Mwajiri wangu amekubali kunipa posho, lakini anasema kwa kuwa sasa nalipwa, glavu nijinunulie, na nikipata madhara kwa kugusa damu ya mtu ni hatari niliyoikubali. Mimi ni msaidizi wa ghala. — Msomaji, Mwanza

JIBU: Usikubali hata moja kati ya hayo mawili. Posho inalipia dhamana na utayari wako; haimwondolei mwajiri wajibu wa kujaza sanduku, na glavu ni kitu cha kwanza katika sanduku. Mwambie, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba sanduku lisilo na glavu litaulizwa na mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kwake na si kwako.

Kuhusu madhara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamlinda aliyeumia au kuugua kutokana na kazi na akiwa katika kazi yake, na mfanyakazi hawezi kuuza kinga hiyo kwa posho ya mwezi. Ndiyo maana barua ya uteuzi ni ngao yako kuliko hata malipo: siku ukiumia ukiwa unamwinua mtu aliyeanguka kutoka kwenye rafu, barua hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba kumhudumia ilikuwa kazi yako wala hukuwa umeacha kazi yako.

Damu ya mtu ikikuingia kwenye jeraha au jichoni, osha mara moja kwa maji mengi, mjulishe msimamizi, andika saa na tarehe katika kitabu, na nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianza mapema, na kwa vyovyote si baada ya saa 72. Homa ya ini aina ya B ina chanjo, na kwa kawaida mtu mzima hupewa dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu katika mwezi wa sita. Omba mwajiri agharamie dozi zote tatu, na tarehe za kuchanjwa ziandikwe katika barua ile ile inayotaja posho yako, kabla hujaupokea ufunguo wa sanduku.